Sura ya Saba: Moyo wa Sungura na Matunzo Yake

Aghalabu mtu anayefuga sungura katika Bonde la Ufa humfuga kwa ajili ya nyama, au kwa ajili ya mkojo wake, ambao wakulima wa Bahati na Njoro wamezoea kuunyunyizia mboga. Na mnyama wa namna hiyo hafikii umri wa kuugua moyo, kwa kuwa kisu humwahi kabla hajatimiza mwaka. Sura hii haikuandikwa kwa ajili yake. Imeandikwa kwa ajili ya yule mwingine, anayezidi kuonekana katika nyumba za Milimani na Section 58 mjini Nakuru, na hata katika vyumba vya kupanga vya Kaptembwo: sungura aliyenunuliwa kumfurahisha mtoto, akapewa jina, akaponea sikukuu ya kwanza na ya pili, na sasa yu katika mwaka wake wa sita au wa saba, umri ambao maradhi ya moyo huanza kumnyemelea. Jirani hucheka akisikia kwamba sungura amepelekwa kwa tabibu wa moyo. Acha acheke, mnyama aliyetunzwa vizuri huweza kuishi miaka minane, kumi, hata zaidi, na aliyemkaribisha nyumbani kwake kwa hiari amejitwika dhamana ya uzee wake pia.

Sungura huyu wa nyumbani asichanganywe na yule mwerevu wa hadithi anayemlaghai simba na fisi. Yule wa hadithi ni wa porini, ndiye tunayemwona usiku katika mwanga wa taa za gari kati ya Gilgil na Elementaita, akikata mbuga kwa mbio ndefu. Huzaa juu ya ardhi tupu watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka, na maumbile yamempa moyo mkubwa kwa kiasi cha mwili wake, unaozidi sehemu moja katika mia ya uzito wake wote. Mababu wa huyu wa kizimbani walitoka Uhispania na Ureno, wakaishi katika mashimo waliyoyachimba wenyewe, na mbio zao zilikuwa za hatua chache tu, kutoka kwenye majani hadi mlangoni mwa shimo. Kwa hiyo moyo wake ni mdogo, takriban sehemu tatu katika elfu, na sungura wa kilo tatu hana moyo unaozidi sana gramu tisa. Kwa moyo huo hana akiba. Siha ikimpungukia, hana mahali pa kukopa.

Kifua chake nacho ni chembamba mno kikilinganishwa na tumbo, na ndani yake moyo hugombea nafasi na mapafu pamoja na tezi ya thaimasi, ambayo kwa wanyama wengi hunywea baada ya utoto lakini kwa sungura hubaki maisha yake yote. Moyo wenyewe hupiga kati ya mara 180 na 300 kwa dakika, hata daktari aliyezoea ng'ombe, ambaye wake hupiga mara 60 au 80, anapotega sikio mara ya kwanza husikia mvumo tu badala ya mapigo. Vali ya upande wa kulia, ambayo kwa binadamu ina vipande vitatu, kwa sungura ina viwili. Tena mishipa inayoulisha msuli wa moyo ina njia chache sana za pembeni, hivi kwamba mmoja ukizibika au ukibanwa, sehemu uliyokuwa ukiilisha haina wa kuinusuru.

La ajabu ni kwamba elimu ya moyo wa binadamu ina deni kubwa kwa mnyama huyu. Mwaka 1913, katika jiji la Saint Petersburg, Nikolai Anichkov na mwenzake Semyon Khalatov waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta, wakaona mishipa yao mikuu ikipata magamba ya mafuta mfano wa yale yanayoziba mishipa ya wazee wa kibinadamu. Na miaka sitini baadaye, mwaka 1973, Yoshio Watanabe wa Kobe, nchini Japani, alimwona sungura mmoja ambaye damu yake ilijaa mafuta kwa kurithi, na kizazi kilichotokana naye kikatumika katika uchunguzi wa dawa za kupunguza kolesteroli ambazo leo wagonjwa wa Nakuru hupokea kwa karatasi ya daktari. Hata hivyo, dawa anazopewa sungura mwenyewe anapougua moyo karibu zote zimeazimwa kutoka kwa mbwa, paka na binadamu, na vipimo vyake vimekadiriwa zaidi kuliko kuthibitishwa. Sioni haki katika jambo hilo, lakini ndivyo lilivyo, na mfugaji ni heri alijue kabla hajadai hakika asiyoweza kupewa.

Maradhi yenyewe ni ya namna mbalimbali. Kwa sungura wakubwa wa nasaba ya Flemish Giant, ambao hapa kwetu hutafutwa kwa ukubwa wao, msuli wa moyo huweza kutanuka na kulegea hata ukashindwa kuisukuma damu. Kwa wazee wa nasaba yoyote vali huchakaa na kuvuja. Wako waliozaliwa na tundu kati ya vyumba vya moyo, na wako ambao mishipa yao mikuu imeganda chokaa, hususan waliolishwa vitamini D kupita kiasi. Bakteria aitwaye Pasteurella, mwenye kusababisha yale mafua sugu yanayojulikana na kila mfugaji wa bonde hili, naye huweza kuushambulia moyo au utando unaouzunguka. Tofauti hizi ni kazi ya daktari. Mwisho wake unafanana: damu hurudi nyuma, maji hujaa mapafuni au kifuani, na mnyama hukosa pumzi.

Ugumu ni kwamba sungura haonyeshi. Yeye ni mawindo ya kila mwenye kucha, na mawindo yanayoonyesha udhaifu huliwa kwanza. Kwa hiyo huficha maradhi mpaka hana nguvu ya kuficha tena. Nilikuwapo siku moja katika nyumba ya mwalimu mmoja huko Njoro, alipomwita daktari wa mifugo kumtazama sungura wake wa kijivu aliyeacha kupanda ngazi ya kizimba. "Daktari," akasema mwalimu, "huyu hakohoi hata kidogo, wala hana kamasi. Mbona waniambia ni moyo?" Daktari hakumshika mnyama. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwonyesha kwa kidole. "Mwalimu, sungura hakohoi kama mbwa. Mtazame ubavu wake, utazame na pua." Tukatazama. Sungura alikuwa amekaa wima kuliko kawaida, viwiko vimetengana na kifua, shingo imenyooshwa kidogo mbele. Pua, ambayo kwa sungura mzima huchezacheza na kutulia, ilikuwa ikipanuka kwa kila pumzi bila kupumzika, na ubavu ukiingia na kutoka kwa nguvu nyuma ya mbavu za mwisho. Masikio yalikuwa ya baridi hali jua la saa nne lilikwisha kupasha bati. Hizo ndizo dalili. Ongeza juu yake kupungua uzito bila sababu, kuchagua chakula, kuzimia kwa ghafla na kuamka, na wakati mwingine macho yote mawili kujitokeza nje kuliko desturi, kwa damu iliyozuiliwa kurudi kutoka kichwani. Ingawa dalili hii ya macho huletwa pia na uvimbe wa ile tezi ya thaimasi.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kuuguza moyo wa sungura ni saa yenye mshale wa sekunde, au simu yoyote. Mnyama anapokuwa amelala au ametulia kivulini, hajakimbizwa wala hajashikwa, mfugaji na ahesabu mara ambazo ubavu unapanda na kushuka kwa nusu dakika, kisha azidishe kwa mbili. Sungura mzima hupumua kati ya mara 30 na 60 kwa dakika, lakini kadiri hiyo ni pana, na muhimu si kadiri ya sungura wote bali ya huyu mmoja: aliyezoea 36 akilala, kisha akawa na 50 usiku tatu mfululizo, amekwisha kusema jambo, ijapokuwa 50 bado imo katika mipaka ya uzima. Hesabu hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na uzito uliopimwa kwa mizani ya jikoni kila wiki. Daktari mwenye daftari la namna hiyo mbele yake huanza kazi akiwa na nusu ya jawabu.

Wakazi wa nyanda hizi wakumbuke pia kimo cha nchi yao. Nakuru ipo takriban mita 1,850 juu ya bahari, na kila pumzi inayovutwa hapo ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ya Mombasa. Molo ni juu zaidi. Mnyama mzima huzoea na kustawi. Mgonjwa wa moyo hulipa tofauti hiyo kwa kila hatua. Fauka ya hayo kuna vumbi la Januari na Februari, na kuna hewa kali ya mkojo katika vizimba vilivyofunikwa turubai pande zote kwa kuogopa baridi ya usiku. Na kwa mnyama asiyeweza kuvuta pumzi vyema ila kwa pua, hewa hiyo ni adui mkubwa kuliko baridi yenyewe. Kizimba kikingwe upepo upande mmoja, kiachwe wazi upande mwingine, na kisafishwe kila siku. Kadhalika kiwe kivulini, kwani sungura hatoki jasho, na joto analimwaga hasa kwa masikio; joto likipita nyuzi 28 moyo mbovu hulemewa.

Kabla ya kulaumu uzee, mtu na atazame alichokuwa akimlisha. Katika nyua nyingi za Subukia na Bahati umesimama mparachichi, ule ambao watu wa pwani huuita mpea, na majani yake huanguka bure mbele ya kizimba. Majani hayo yana sumu iitwayo pasini, ambayo huua msuli wa moyo wa sungura, kama inavyowadhuru mbuzi, farasi na ndege. Tunda asipewe, na jani hata kidogo. Jambo la pili ni chakula cha kuku. Mwenye kuku na sungura pamoja huona wepesi kuwagawia wote gunia moja, ilhali baadhi ya vyakula vya vifaranga hutiwa dawa za kuzuia koksidia za kundi la monensini, salinomisini na narasini, ambazo kuku huzistahimili lakini kwa sungura huharibu misuli, na moyo ni msuli. Na oleanda, lile ua la rangi ya waridi au nyeupe lililopandwa kando ya barabara na malango ya hoteli, lina sumu ya moyo katika kila sehemu yake.

Hapa mwandishi aruhusiwe kuchepuka kidogo. Bonde hili lina mti wa asili wenye sumu ya jamaa hiyohiyo, msunguti, ambao gome lake lilichemshwa na wawindaji tangu kale kupaka vyembe vya mishale. Na yupo panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye kishungi cha manyoya mgongoni, anayetafuna gome hilo na kujipaka mate yake yenye sumu ubavuni, mbwa akimuuma apate msiba. Uchunguzi wa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba manyoya yake ya ubavuni yana matundu matundu ya kufyonza sumu. Sumu hiyo, wabaini, ni ndugu wa dawa ya kale ya moyo iliyotolewa katika ua la kizungu ambalo William Withering wa Uingereza aliliandikia kitabu mwaka 1785. Kiasi ndicho kinachotenga dawa na sumu, na kwa mnyama wa kilo tatu kiasi hicho ni chembamba sana.

Kwa sababu hiyo namwomba msomaji asijitibie kwa dawa za dukani. Dawa ya kwanza ambayo daktari huandika kwa maji ya mapafuni ni furosemidi, ambayo huyatoa maji kwa njia ya mkojo, na dawa hiyo hupatikana kwa urahisi katika kila duka la dawa mjini. Lakini kidonge cha kawaida cha binadamu kina miligramu 40, hali sungura wa kilo tatu akiandikiwa miligramu moja kwa kila kilo anahitaji miligramu tatu, yaani pungufu ya sehemu ya kumi ya kidonge. Na hakuna kisu cha jikoni kinachoweza kukata hivyo kwa uadilifu. Daktari huagiza kisagwe na kuchanganywa na maji kwa kipimo, kisha kinyonywe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lipenyezwe pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, matone machache kwa wakati ili asipaliwe. Ya pili ni pimobendani, ya kuusaidia msuli kukaza na mishipa kulegea. Ya tatu ni enalaprili na wenzake, ambazo kwa sungura hutumiwa kwa hadhari kubwa, kwa kuwa shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na figo zikadhurika. Penisilini na amoksilini za kumeza, ambazo watu huzinunua wakidhani ni mafua, zisikaribie kizimba kabisa: huua bakteria wema wa utumbo, na sungura hufa kwa tumbo kabla moyo haujapata zamu yake.

Na tumbo ndilo linaloamua. Rai yangu, baada ya kuwasikiliza matabibu na wafugaji, ni kwamba sungura mgonjwa wa moyo aliye nyumbani hufa kwa kuacha kula mara nyingi kama anavyokufa kwa maji ya mapafuni. Utumbo wake umeumbwa usisimame. Ukisimama nusu siku tu, gesi na maumivu humwangusha, tena hana uwezo wa kutapika. Furosemidi nayo hukausha mwili, na kilicho tumboni kikikauka hukwama. Maji, basi, yasizuiliwe kamwe kwa dhana kwamba mgonjwa ana maji mengi; yawekwe katika bakuli zito asilazimike kunyoosha shingo kwenye chupa. Nyasi kavu za Boma Rhodes, ambazo marobota yake hujaa bonde zima baada ya mavuno, ziwe mbele yake mchana na usiku, kwani ndizo zinazousukuma utumbo. Majani ya viazi vitamu, kishona nguo kilichooshwa na majani ya karoti apewe yakiwa na umande wa maji. Lusini ipunguzwe kwa mzee, maana ina chokaa nyingi, na mwili wa sungura hufyonza karibu chokaa yote anayolishwa. Peleti zipimwe kwa kijiko, kwa kuwa unene ni mzigo juu ya moyo. Kila asubuhi mfugaji atazame kinyesi: chembe kubwa za mviringo ni habari njema; zikiwa ndogo, kavu, au hakuna, asingoje jioni.

Ama kumpeleka kwa daktari, kwenyewe ni hatari. Hofu humwaga katika damu kichocheo kinachoubana moyo, na wako waliokufa juu ya meza kabla ya kupimwa. Daktari mwenye ujuzi humpa oksijeni kwanza na kumwacha atulie, ndipo ampime, na hamlazi chali. Akitaka kumtia usingizi, mwenye mnyama aulize kwa adabu ni dawa gani: mchanganyiko wa zailazini na ketamini, ambao ni rahisi na wa kawaida nchini, umeonekana ukirudiwa rudiwa kuacha makovu katika msuli wa moyo wa sungura. Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kina kitivo cha tiba ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kliniki ya wanyama wadogo Kabete, safari ya kilomita zipatazo 150 kutoka Nakuru. Mfugaji apige simu mapema, aulize kama yuko mtu wa kuusoma moyo wa sungura kwa ultrasaundi, kwa maana eksirei pekee huonyesha ukubwa wa moyo na maji ya kifuani lakini haionyeshi vali. Safari ianze alfajiri kabla ya joto. Sanduku lifunikwe kitambaa, liwe na nyasi za kula njiani, na kama ana mwenzake aliyezoeana naye wasafiri pamoja. Asifungwe chakula kabla ya safari wala kabla ya upasuaji, hata karani wa mapokezi akiagiza hivyo kwa mazoea ya mbwa.

Hakuna dawa inayouponya moyo uliokwisha kutanuka au vali iliyochakaa. Kinachopatikana ni muda: kwa wengine wiki, kwa wengine miezi, kwa wachache mwaka na zaidi wa kula vizuri na kulala kivulini. Mwenye kumtunza ataongeza kipimo cha furosemidi kwa idhini ya daktari kadiri daftari linavyoonyesha, na itafika siku ambayo kipimo hakiongezeki tena kwa usalama. Sungura akianza kuvuta pumzi kwa kinywa, shingo ameinua juu na midomo imekuwa ya buluu, amefika mwisho wa uwezo wake, na kumbakiza mpaka kesho ili watoto warudi kutoka shuleni ni kumtesa. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, umwombe amlaze kwa sindano, na uwe karibu naye wakati kazi hiyo inafanywa.